Maswali ya jikoni: steki juu ya wali wa kukaanga, kama nilivyoijua Kobe

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu bakuli la steki na wali wa kitunguu saumu nililolizoea nilipokuwa Kobe, Japani. Sikutegemea barua nyingi kiasi hiki. Mmejaribu, wengine mmetupa chakula, na kila nikifungua barua nyingine naona mkosaji ni yule yule: maji. Maji juu ya nyama, maji ndani ya wali, maji yaliyotuama kikaangoni.

Kwa mgeni wa safu hii: mimi ni mtu wa Tanga. Nilikaa Kobe miaka sita mume wangu akiwa masomoni, na miaka minne kati ya hiyo nilifanya kazi kwenye mkahawa mdogo wa nyama. Nilianza kwa kuosha vyombo, nikapandishwa kukata mboga, mwisho nikasimamishwa mbele ya bamba la chuma lenyewe, lile la kuchomea nyama.

Shikamoo shangazi. Nilinunua kilo nzima ya steki buchani nikaipika kama ulivyoandika. Nyama ilikuwa ngumu, mume wangu alitafuna akachoka akaiweka pembeni ya sahani. Wali nao ukawa bokoboko. Nimekosea wapi? — Mwalimu, Morogoro

Marahaba mwanangu. Kosa la kwanza limeanzia kwenye neno. Wajapani wanasema *suteeki*, sisi tunasema steki, wote tumelichota kwa Waingereza. Lakini kwenye bucha zetu steki ni nyama yoyote isiyo na mfupa, na mara nyingi utakatiwa paja. Paja ni msuli wa mnyama anayetembea kutwa kutafuta malisho. Linataka saa mbili ndani ya mchuzi, si dakika sita za kikaango. Siku nyingine usiseme steki. Sema fileti, au sarara, mnofu wa mgongoni, na umwambie muuzaji asikucharangie. Akupe pande moja lenye unene wa vidole viwili. Gramu 300 zinawatosha watu wawili, kwa hiyo ile kilo yako ingelisha watu sita na zaidi.

La pili ni siku. Sisi tunapenda nyama ya leo, na kwa mchuzi haina ubaya. Lakini misuli ya ng'ombe hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, na inahitaji siku kadhaa za baridi ili ilegee tena. Nunua Jumatano, upike Jumamosi. Ikae friji kwenye rafu ya chini, juu ya sahani, imefunikwa kwa kitambaa safi kisichobana. Usiifunge kwenye mfuko wa plastiki ikalala ndani ya maji yake.

Halafu kuna ng'ombe mwenyewe. Nyama ya Kobe ni ya ng'ombe wa ukoo wa Tajima, wa mkoa wa Hyogo, na mafuta yake hayakai pembeni, yametawanyika ndani ya mnofu. Wajapani wanaiita hali hiyo *shimofuri*, yaani sakitu iliyoanguka, na mtu wa Njombe aliyeona majani ya bustani yake asubuhi ya Julai ataelewa hapo hapo. Ng'ombe wetu wenye nundu hawana mafuta hayo. Ni watamu, kwangu mimi hata kuwashinda wa Kobe kwa ladha ya nyama yenyewe, ila wanataka kusaidiwa.

Msaada ninaoupenda ni kitunguu maji, nao nimeupata huko huko Japani. Mwaka 1936 mwimbaji wa opera wa Urusi, Feodor Chaliapin, alifikia Hoteli ya Imperial jijini Tokyo akiwa na meno yanayomsumbua, na akataka steki laini. Wapishi wa hoteli wakaigonga nyama ikawa nyembamba, wakaifunika kwa kitunguu kilichosagwa, kisha wakaikaanga. Mpaka leo Wajapani wana steki yenye jina lake. Fanya hivi: kwaruza kitunguu kikubwa kimoja kwa greta ya karoti, ipake nyama pande zote, iache nusu saa mpaka saa moja. Kisha kikwangue chote na ukihifadhi, tutakitia kwenye sosi. Najua mtauliza kuhusu papai bichi la mishkaki. Papai lina nguvu mno kwa pande nene. Huufanya upande wa nje kuwa uji wakati katikati hakujabadilika kitu. Liacheni kwa mishkaki.

Sasa maji. Pale mkahawani palikuwa na bibi mpishi aliyepita umri wa miaka sabini, na siku ya kwanza aliponipa nyama nikaange, alinishika mkono kabla sijaiweka kwenye bamba. Akachukua karatasi ya jikoni akaikandamiza juu ya nyama, akanionyesha: imelowa. Akachukua ya pili: ina madoa. Ya tatu ikatoka kavu, ndipo akaachia mkono wangu. Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye. Ile rangi ya kahawia na harufu yake haviji mpaka uso wa nyama upite nyuzi 140 hivi, na maji hayavuki 100. Nyama iliyolowa inachemka kwanza, na ikichemka inakuwa ya kijivu na ngumu, kama hiyo ya mumeo. Kwa hiyo kausha mara tatu. Chumvi na pilipili manga unatia baada ya kukausha, muda ule ule nyama inapokwenda kikaangoni, kwa sababu chumvi ikikaa dakika kumi tu inavuta maji upya juu ya nyama.

Kikaango kiwe cha moto mpaka mafuta yaanze kutoa moshi mwembamba. Weka nyama, usiiguse dakika tatu. Geuza, dakika tatu nyingine. Toa, iweke juu ya ubao, iache ipumzike dakika tano, sita. Kikaango usikioshe. Nitaeleza hapo chini.

Na ukikata, tazama nyuzi za nyama zinaelekea wapi, upitishe kisu kuzikatiza, vipande vyembamba kama unene wa penseli. Nimeona fileti nzuri ikigeuka kamba kwa kukatwa kwa urefu wa nyuzi.

Shangazi, mimi naishi chumba kimoja hapa Nairobi, nina koili moja ya umeme na kikaango chepesi. Kila nikikaanga wali unanata na kushikana mabonge. Inawezekana kweli bila ule moto mkubwa wa hotelini? — Kijana, Kayole

Inawezekana, mwanangu. Moto wako hauongezeki, basi punguza chakula. Kaanga sahani moja kwa wakati mmoja, usizidishe hata kama rafiki amefika. Wa kwake utafuata baada ya dakika nne. Wali mwingi kwenye moto mdogo unatoa mvuke, mvuke unageuka maji, na maji ndiyo yanayokufungia mabonge. Ukipata fedha, nunua kikaango kizito cha chuma. Kizito kinashika joto, na chakula kikiingia hakipoi. Kama ulicho nacho ni chepesi cha kutonata, usikiache motoni kikiwa kitupu muda mrefu, ule mpako unaungua na moshi wake si mzuri kuvuta.

Sasa nieleze kwa nini nilisema kikaango cha nyama kisioshwe. Japani, nyama ya bakuli kwa kawaida hukaa juu ya wali mweupe mtupu. Ndivyo ilivyo *gyudon*, bakuli la nyama nyembamba na vitunguu, na mikahawa ya Yoshinoya imekuwa ikiliuza tangu 1899. Steki kukutana na wali wa kukaanga kumetoka kwenye mikahawa ya *teppanyaki*, yaani kuchoma juu ya bamba la chuma. Kobe wanajivunia kwamba kazi hiyo ilianzia kwao, kwenye mkahawa wa Misono, mwaka 1945. Pale mgeni akishamaliza nyama, mpishi anakusanya mafuta na makombo ya kahawia yaliyobaki juu ya bamba, anatia kitunguu saumu, anamwaga wali. Huo ndio wali wenyewe. Ukiosha kikaango umemwaga nusu ya ladha kwenye sinki.

Utaratibu wake ni huu. Kabla ya nyama, anza na kitunguu saumu. Punje tano, uzikate vipande vyembamba hadi uone kivuli cha kisu kupitia kwake. Viweke kwenye mafuta ya baridi, vijiko vitatu, ndipo uwashe moto mdogo. Vitaanza kutoa mapovu madogo pembeni, vitatulia, kisha vitaanza kujikunja. Vikifikia rangi ya majani makavu, vitoe. Usisubiri viwe vya kahawia: vinaendelea kuiva vikiwa juu ya karatasi, na vikipita hapo ni vichungu kabisa. Mafuta yale yale ndiyo ya kukaangia nyama.

Nyama ikishatoka na kupumzika ubaoni, kikaango kirudi motoni, siagi kijiko kimoja, mayai mawili yaliyopigwa. Hesabu moja mpaka tano. Yai likiwa bado limelegea nusu, mwaga wali juu yake, ulichanganye haraka ili kila punje ipate koti la yai. Kandamiza kwa mgongo wa mwiko, uache nusu dakika upate ukoko kidogo chini, geuza, kandamiza tena. Majani ya vitunguu, pilipili manga, chumvi kidogo.

Soya sosi ni ya mwisho, na hapa nawasimulia kosa langu. Mara ya kwanza kukaanga wali mbele ya wageni nilimimina soya sosi katikati ya wali, kama ninavyomimina tui. Wali ukalowa mahali pamoja, ukawa na madoa meusi, chumvi upande mmoja na upande mwingine hamna kitu. Bibi mpishi aliumwaga wote, akanifanya nianze upya wageni wakisubiri. Akaniwekea kidole pembeni ya bamba, mahali ambapo hapana wali: hapa. Kijiko kimoja cha soya sosi kikigusa chuma cha moto kinachemka na kuungua kidogo, harufu yake inafanana na karanga za kukaanga, ndipo unauvuta wali uje ukichukue. Kijiko kimoja kwa watu wawili. Ukitaka chumvi zaidi, sosi ya nyama ipo.

Assalaam alaykum bibie. Kila pishi la Kijapani nikilitazama linataka sake na mirin. Sisi Waislamu tufanyeje, au tuache tu? — Msomaji, Unguja

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Usiache. Mirin ya kweli, ile pombe tamu ya mchele ya kupikia, ina pombe asilimia 14 hivi, na sake, pombe ya mchele ya kunywa, haiko mbali na hapo, kwa hiyo zote mbili hazikuingia nyumbani kwangu hata siku moja kwa miaka yote sita. Kobe ina msikiti wa zamani kuliko yote Japani, ulifunguliwa 1935 mtaa wa Nakayamate, ukasalimika mabomu ya 1945 na tetemeko kubwa la 1995. Karibu na msikiti huo pana maduka ya vyakula halali, na nyama yangu ya nyumbani nilinunua huko. Wanawake tuliokuwa tukikutana pale, wa Pakistani, wa Indonesia, wa Misri, kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuikwepa mirin.

Yangu ni hii. Kazi ya mirin ni utamu na kung'arisha. Utamu unaupata kwa sukari, na ile harufu ya matunda kwa tufaha. Chukua kile kitunguu kilichokwanguliwa kwenye nyama, kikaange kwa kijiko cha siagi kwenye sufuria ndogo mpaka kigeuke rangi. Kimegusa nyama mbichi, kwa hiyo kiive hasa. Tia robo ya tufaha lililokwaruzwa, punje moja ya kitunguu saumu, tangawizi ncha ya kidole, vijiko vinne vya soya sosi, vijiko vitatu vya maji, kijiko kimoja na nusu cha sukari, kijiko kimoja cha siki. Chemsha taratibu dakika tano. Inabaki nzito kidogo, tamu, kali kwa mbali. Ukikosa tufaha tumia nanasi lililoiva, kijiko kimoja tu.

Jambo moja ulitazame kwa makini: soya sosi yenyewe. Baadhi ya watengenezaji huongeza pombe ili isiharibike. Soma maandishi ya nyuma ya chupa kabla ya kulipa. Kwa aliye Japani, neno la kutafuta ni *shusei* au *arukooru*. Chupa zenye alama ya halali zipo pia.

Mama mkwe anasema wali wa kiporo ni sumu, na nyama yenye wekundu ndani inaleta tegu. Mimi nasoma kila mahali kwamba wali wa jana ndio mzuri kwa kukaanga. Nimwambie nini? — Mkamwana, Kigoma

Mwambie amesema kweli, kisha mfanyie chakula kitakachomtuliza.

Mchele mkavu una bakteria anayeitwa *Bacillus cereus*. Mbegu zake hazifi kwa kuchemsha. Wali ukibaki sufuriani juu ya jiko usiku kucha, zinaamka, zinazaana, zinatoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukaange mpaka uungue. Kwa hiyo kiporo cha sufuriani, kile cha mwiku wa asubuhi kilicholala jikoni, mama mkwe yuko sahihi: usikikaange. Kiporo cha friji ni kingine. Wali ukiiva tu, umwage kwenye sinia pana, uupepee, na kabla saa moja haijaisha uwe ndani ya friji. Kesho yake uukaange na uuishe. Kama umeme kwenu unakatika usiku, usihangaike na kiporo hata kidogo. Pika leo, tandaza kwenye sinia chini ya feni nusu saa, uingie kikaangoni moja kwa moja. Kinachotafutwa ni ukavu, na feni inaukausha vizuri tu. Kobe tulikaanga wali wa siku ile ile mara nyingi.

Kuhusu nyama, yale maji mekundu si damu, ni rangi ya msuli. Lakini tegu wa ng'ombe yupo, na anapita kwa nyama isiyoiva. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi, na kwa familia ipike mpaka katikati ibaki na waridi hafifu tu: ukiwa na kipimajoto, nyuzi 63, kisha ipumzike si chini ya dakika tatu. Mimi nyumbani sipiki chini ya hapo. Mtoto mdogo, mjamzito na mzee wapikie iive kabisa, lakini wakatie vipande vyembamba zaidi ili isiwachoshe kutafuna.

Mchele wa Kijapani sijauona popote. Wa Kyela unafaa? — Mama wa watoto watatu, Mbeya

Unafaa sana, na kwa kukaanga ni rahisi kuliko wa kwao. Mchele wa Kijapani ni mfupi na una wanga unaonata, ndiyo maana wanauweza kwa vijiti. Wetu wa Kyela, na pishori ya Mwea kwa ndugu zetu wa Kenya, unachambuka wenyewe. Osha mpaka maji yatoke meupe kidogo tu, na upunguze maji ya kupikia: kikombe kimoja cha mchele kwa kikombe kimoja na robo ya maji. Usitie nazi. Naipenda nazi kama Mtanga yeyote, lakini tui na soya sosi haziwezi kukaa bakuli moja.

Nina wageni sita Jumapili. Nianze na nini ili vyote vifike mezani vikiwa vya moto? Na wale kwa vijiti? — Dada, Mombasa

Dada yangu, vijiti waachie. Hata Japani wali wa kukaanga, *chahan* kwa watu wa Tokyo na *yakimeshi* kwa watu wa Kobe na Osaka, huliwa kwa kijiko.

Asubuhi pika wali, utandaze, uingie friji. Saa moja na nusu kabla ya wageni toa nyama ya gramu 900, uipake kitunguu. Kaanga vipande vya kitunguu saumu, uvifungie kwenye kopo kavu. Nyama ikishakwanguliwa kitunguu, pika sosi. Hiyo inaweza kusubiri. Wageni wakishakaa na juisi mkononi, ndipo uwashe moto mkubwa. Kaanga nyama pande mbili mbili, usizirundike, kisha zipumzike ubaoni chini ya kawa. Wakati huo kaanga wali kwa mikupuo mitatu, wa watu wawili wawili. Kila mkupuo ukitoka, ugawe kwenye mabakuli mawili, ukate nyama, uipange juu ikiegemeana kama vigae, unyunyize vipande vya kitunguu saumu na majani ya vitunguu, mtu apeleke mezani. Usisubiri yatimie mabakuli sita.

Pembeni weka figili nyeupe iliyokwaruzwa na kukamuliwa maji yake, yenye matone ya limau. Sosi usiimwage juu ya wali uliohangaika kuukausha. Iweke kwenye vibakuli vidogo, kila mgeni achovye nyama yake mwenyewe.